Kazi naipenda, ofisi inanimaliza: nihamie maabara ya maji?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Mwanga, Kigoma. Nilisoma sayansi za majini na uvuvi Dar es Salaam, nikarudi nyumbani kwa sababu ya Ziwa Tanganyika. Nimekulia Ujiji, mama yangu anauza mawese na dagaa, na tangu utotoni nilitaka kujua kwa nini kuna usiku dagaa wanajaa na usiku mwingine wavuvi wanarudi mikono mitupu. Leo nalipwa mshahara kwa kulitafuta jibu la swali hilo. Niko kwenye mradi wa utafiti wa shirika binafsi. Jina lake naomba nisilitaje.

Kazi yenyewe, Shangazi, ni tamu. Tunatoka na boti kabla hakujapambazuka. Tunashusha kifaa kwa kamba hadi mita 150, na kwenye kompyuta naona joto la maji likishuka, kisha oksijeni ikipungua mpaka inakwisha kabisa. Kuanzia hapo ziwa linaendelea kwenda chini mpaka mita 1,470, na maji yote hayo samaki hawezi kuvuta pumzi ndani yake. Ukishaliona hilo kwa macho yako unaelewa kwamba riziki ya mji huu imo kwenye tabaka jembamba tu la juu. Usiku mwingine tunakesha na wavuvi, tunawapima dagaa waliofuata taa. Serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na tangu hapo kila nikishuka mwalo wa Katonga au Kibirizi wavuvi wananiuliza kama dagaa wameongezeka. Mimi ni mmoja wa wachache wenye daftari la kuanzia kujibu.

Shida ni mahali penyewe. Mkuu wa mradi, tunamwita Dokta, analijua ziwa kuliko mtu yeyote niliyekutana naye, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kwenye kikao anaisoma ripoti yako kwa sauti ya kukukejeli, mbele ya wote, mpaka nahodha na mlinzi. Aliwahi kuniambia chuo kilinipa cheti kikasahau kunipa akili. Ujumbe wa WhatsApp unaingia saa sita usiku, na usipojibu, asubuhi unaulizwa kama umeichoka kazi. Nikiomba likizo naambiwa ziwa haliendi likizo. Ripoti niliyoandika mwanzo hadi mwisho ilikwenda kwa wafadhili bila jina langu. Tangu niingie wameondoka watu wanne, wawili bila hata kuaga.

Mwili nao umeanza kusema. Jumapili jioni tumbo linanikata kwa sababu Jumatatu kuna kikao. Usingizi umepungua. Mama anasema nimekonda.

Na wiki hii limetokea jingine. Mwenzangu alinivuta pembeni akaniambia kwamba kifaa cha oksijeni hakikusawazishwa, yaani hakikurekebishwa ili kisome sawasawa, kwa karibu wiki tatu, na zamu ilikuwa yake. Aligundua, akaogopa kusema, kwa sababu mwenzetu mmoja aliyepoteza wavu wa sampuli alikatwa mshahara na kutukanwa mbele ya wageni. Namba za wiki hizo zimeshaingia kwenye takwimu za mradi. Ameniomba niikalie.

Sasa nimepata nafasi nyingine hapahapa mjini, kwenye maabara ya kupima maji ya bomba. Walinikaribisha nikashinda nao siku nzima. Wanakula pamoja, wanataniana, saa tisa na nusu wanafunga. Mkuu wao ni mama mmoja mtaratibu. Lakini kazi, Shangazi! Sampuli zilezile, mabomba yaleyale: tope, klorini, vimelea, kesho hivyohivyo, mpaka nistaafu. Mshahara ni laki saba na nusu, wakati huku nalipwa laki tisa na nusu na namsomesha mdogo wangu kidato cha tano. Mkataba wangu wa sasa ni wa miaka miwili, imebaki miezi saba. Wanataka jibu mwisho wa mwezi huu.

Mama anasema kazi isiyo na maneno haipo duniani, nivumilie. Rafiki yangu anasema nisingoje hata wiki. Mimi naogopa kubaki nikaharibika, na naogopa kuondoka nikawa mtu wa kupima klorini huku namtazama Dokta akipita na boti langu dirishani. Nifanye nini?

Binti wa Ujiji, Kigoma

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Sitakuzungusha. Ningekuwa mimi, ningeondoka. Nisingeondoka kesho kama anavyotaka rafiki yako, wala nisingeondoka kabla ya kuusoma mkataba, lakini ningeanza leo kujiandaa kuondoka. Nakueleza nimefikaje hapo, ili usinifuate kwa sababu tu mimi ni shangazi.

Katika barua yako yote hukulalamikia kuamka alfajiri, wala baridi ya ziwani, wala mawimbi ya kusi, wala kukesha na wavuvi, na hayo ndiyo magumu ya kazi yako. Kila unacholalamikia kimetengenezwa na mtu mmoja na desturi aliyoijenga ofisini. Watu wengi huyachanganya haya mawili, wakaambiana kwamba ukitaka kazi kubwa lazima ukubali kusimangwa, kana kwamba dharau ni sehemu ya utafiti. Oksijeni ya ziwani inapimika bila mtu kuambiwa hana akili.

Lakini kilichonisimamisha kwenye barua yako hakikuwa matusi. Ni kile kifaa. Umekiandika kama jambo moja kati ya mengi, ukapita. Kwangu mimi hapo ndipo swali lako linapojibiwa.

Umeuliza kama uchague kazi nzuri au mahali pazuri, ukidhani kwamba ukibaki kwa Dokta, kazi nzuri angalau utakuwa nayo. Sasa tazama kilichotokea. Kijana mwangalifu, aliyekuwa na uangalifu wa kutosha kuligundua kosa lake mwenyewe, amelificha kwa sababu kulisema ni kudhalilishwa. Namba mbovu zimeingia kwenye takwimu. Mvuvi wa Katonga akikuuliza kesho kama ziwa limebadilika, sehemu ya daftari lako haitaweza kumjibu kweli, na wewe utakuwa unajua. Hofu haikai kwenye chumba cha mikutano ikangoja Jumatatu nyingine. Inapanda boti pamoja nanyi.

Yupo mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson wa chuo cha Harvard, ambaye miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kwamba timu zenye uhusiano mzuri zaidi ndizo zingekuwa na makosa machache zaidi. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Alipochimba zaidi akaona kwamba kwenye timu hizo watu walikuwa tayari kuyasema makosa, na kwenye timu za wakuu wakali makosa yalikuwa yanafichwa. Ofisi yenu, kwa mtu anayesoma ripoti tu kutoka mbali, pengine inaonekana haikosei kamwe. Wafadhili wataipenda.

Ongeza na hilo la watu wanne. Wewe ni mwanasayansi, unajua kwamba swali lako la dagaa halijibiwi kwa mwaka mmoja. Hapo kaskazini kwenu, Gombe, utafiti wa sokwe ulianza Julai 1960 alipofika Jane Goodall, na umeendelea kwa zaidi ya miaka 60. Thamani yake kubwa imo kwenye kudumu: sokwe huyohuyo anaonekana akiwa mtoto, kisha mama, kisha bibi, na anayeandika leo anaweza kumfunza atakayeandika kesho. Ziwa nalo linataka hivyo. Mradi unaopoteza watu, wengine bila kuaga, unapoteza pia yule aliyejua kwa nini kituo fulani kilihamishwa mita kadhaa, au kwa nini kifaa fulani husoma juu kidogo asubuhi. Hayo hayaandikwi kwenye ripoti, yamo vichwani mwa watu, na vichwa vinaondoka.

Kwa hiyo kazi unayoilinda kwa kuvumilia imeshaanza kuharibiwa na kile unachokivumilia.

Kuhusu Dokta kulijua ziwa. Nakuamini, na naelewa kwa nini inauma. Ni rahisi kumwacha bosi mjinga. Huyu ana kitu unachokitaka, na nahisi kuna sehemu yako inayongoja siku atakaposema, mbele ya wote, kwamba umefanya vizuri. Usiijenge miezi saba ijayo juu ya siku hiyo. Aliyokufundisha ni yako tayari, hakuna atakayekuja kuyachukua. Na ujuzi wake haumpi ruhusa ya kulifuta jina lako kwenye kazi yako. Mtu anaweza kuwa bingwa wa ziwa zima akabaki hajui kuishi na watu sita ofisini.

Mwili wako ninauchukulia kwa uzito kuliko unavyouchukulia wewe. Umeuweka katika mistari michache: tumbo, usingizi, kukonda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliandika rasmi kwamba kuchakaa kwa sababu ya kazi ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, na likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuona huwezi tena kuifanya vizuri. Wewe bado kazi unaipenda, na hiyo ni habari njema. Maana yake hujafika mbali. Nenda hospitali, Maweni au kituo chochote kilicho karibu nawe, umweleze daktari kuhusu tumbo na usingizi, na umweleze pia kuhusu Jumatatu. Usimpe tumbo peke yake, atakupa dawa ya vidonda vya tumbo akakuruhusu uende.

Kisha hesabu saa zako za kazi kwa wiki moja, na zile za saa sita usiku uziweke. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani uliotolewa 2021 ulionyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusiana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Una miaka 27, unaona kiharusi ni cha wazee. Desturi za kazi zinajengwa katika umri wako.

Sasa mkataba, na hapa naomba usome polepole, maana ndipo vijana wengi wanapoumia. Rafiki yako aliposema uondoke mara moja hakujua una mkataba wa muda maalumu. Mkataba usio na ukomo, kwa anayelipwa kwa mwezi, unaweza kuuacha kwa taarifa ya maandishi isiyopungua siku 28. Wa muda maalumu haukatwi hivyo. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinasema mfanyakazi wa mkataba wa aina hiyo anaweza kujiuzulu katikati pale tu mwajiri alipovunja mkataba kwa kiasi kikubwa, au pale mwajiri anapokubali mkatishane kwa maelewano. Kwa hiyo tafuta kwenye mkataba wako kifungu cha kusitisha. Kama kinampa kila upande haki ya kutoa taarifa, njia yako ni nyepesi. Kama hakipo, utaomba maelewano kwa barua fupi yenye heshima, isiyo na neno hata moja la lawama, ukitaja tarehe ya mwisho na namna utakavyokabidhi kazi. Shirika lililozoea kuondokewa na watu bila kuaga linaweza kushukuru kumpata anayekabidhi.

Na kabla hujaandika barua hiyo, jua unachodai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na ninyi mnakesha ziwani. Likizo ya mwaka ni siku 28, na hiyo haitegemei kama ziwa linapumzika. Siku ulizofanyia kazi bila kupewa likizo zinaingia kwenye malipo yako ya mwisho. Omba cheti cha utumishi, ni haki yako. Pita NSSF uhakikishe michango yako imeingizwa mwezi kwa mwezi, fanya hivyo ukiwa bado kazini, kwa sababu kufuatilia ukiwa nje ni kazi nyingine. Ujumbe wa saa sita usiku usiufute. Majibu ya maombi yako ya likizo yahifadhi pia, na kama yalikuwa ya mdomo, omba upya kwa maandishi.

Kuna njia nyingine ambayo sheria inaitambua: mwajiri akiyafanya mazingira kuwa mabaya kiasi kwamba mfanyakazi hawezi kuendelea, kujiuzulu kwako kunaweza kuhesabiwa kama umeachishwa isivyo haki. Shauri hilo linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Nakutajia ujue lipo. Sikusukumi huko, maana wewe mwenyewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba hali haikuvumilika, na naona moyo wako unataka kurudi kwenye vipimo kuliko kwenye mashauri. Ila kama watakuzuilia stahiki zako, usione aibu. Nenda.

Nije kwenye maabara ya maji. Hapa nina ugomvi kidogo na wewe.

Umeandika klorini kana kwamba ni adhabu. Mei 2015 wakimbizi waliotoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha mwambao kaskazini mwenu, maji na vyoo havikutosha, kipindupindu kikaingia na kuua. Mtu wa Kigoma hahitaji kufundishwa maana ya maji yasiyopimwa. Kiasi cha klorini kinachotakiwa kubaki pale mteja anapofungua bomba, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ni angalau miligramu 0.2 kwa lita, na bakteria wa kinyesi wanatakiwa wawe sifuri katika mililita 100. Nyuma ya namba ndogo hizo kuna watoto wa Gungu, Bangwe na Buzebazeba wanaokunywa bila kujua jina la aliyepima.

Hata hivyo sitaki kukulazimisha uipende kwa sababu ni ya maana. Kazi ya maana inaweza kuchosha. Nataka nikuulize jambo la kitaalamu: maji hayo yanatoka wapi? Mji wa Kigoma unakunywa maji ya ziwa. Maana yake kuna maji ghafi yanayovutwa kutoka Tanganyika kila siku ya Mungu, na kabla hayajasafishwa yanapimwa tope na mengineyo. Ninyi mnatoka na boti siku chache kwa wiki, upepo ukiruhusu. Hao wana sampuli kila siku, kiangazi na masika. Je, namba hizo za miaka iliyopita ziko wapi? Kwenye makabati? Kuna mtu aliyewahi kuzipanga akatazama tope linapandaje mvua zikianza, au maji ya ufukweni yanabadilikaje kusi ikivuma? Huenda yupo. Huenda hayupo, na daftari la swali lako lingine limekaa kwenye rafu likingoja mtu mwenye hamu kama yako. Mwulize huyo mama mtaratibu. Akikuambia "hilo hatujawahi kufikiria, hebu tuone," umepata mahali. Akikuambia "sisi tunapima tu," pia umejua.

Ndiyo maana nasema uondoke kuelekea huko. Kazi inayochosha, mahali penye watu wanaosikilizana, mfanyakazi mdogo anaweza kuipanua. Mahali penye hofu, mfanyakazi mdogo hawezi kupaponya, hata akiwa na akili namna gani, kwa sababu hofu hiyo inatoka juu yake.

Lakini siku moja ya kula pamoja haitoshi kukijua kituo. Mgeni huandaliwa. Rudi tena, siku usiyotarajiwa ukiweza, uulize mambo mawili matatu bila kuyazunguka. Sampuli ikiharibika mkononi mwa mtu, mnafanyaje? Aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu yuko wapi sasa? Sikiliza jibu, na tazama wadogo wanamwangalia nani kabla ya kujibu. Kumbuka pia kwamba mama mtaratibu anaweza kuhamishwa mwakani, kwa hiyo tazama kama utaratibu mzuri ni wa ofisi au ni wa kwake peke yake. Na ujue kwamba kwa miezi sita ya kwanza ya ajira mpya, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki haikufuniki. Ni jambo la kawaida, ila usikope kwa kutegemea mshahara huo kabla muda haujapita.

Laki mbili kwa mwezi si fedha ndogo, hasa kuna mtoto wa kidato cha tano. Kaa na mama, kalamu mkononi. Mama akikuambia uvumilie anaogopa ada na chakula, na hofu hiyo ni ya haki. Usimjibu kwa maneno ya afya ya akili yakageuka mabishano. Mweleze kuhusu Jumapili jioni, halafu mwonyeshe ni gharama gani zitapungua na mdogo wako atalipiwa vipi mpaka amalize kidato cha sita. Jaribu kuishi kwa laki saba na nusu kuanzia mwezi huu, tofauti iweke pembeni. Itakuonyesha kama inawezekana, na itakuachia akiba ya kuvukia.

Je, kuna hali ambayo ningekuambia ubaki? Ipo. Kama juu ya Dokta kuna bodi au mkurugenzi anayesikiliza, na wenzako wako tayari kusimama pamoja nawe kusema haya kwa maandishi, miezi saba ingetosha kujaribu. Barua yako haikutaja mtu yeyote wa namna hiyo. Kama yupo, fikiria upya. Na kama mkataba utakubana mpaka mwisho, waombe maabara ya maji wakusubiri, ukiwaambia wazi tarehe ya kuwa huru. Wakikataa, miezi saba iliyobaki itumie kwa kazi ya kulifuata ziwa kwa mlango mwingine. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapo Kigoma. Kuna shahada ya uzamili ya kuombea ufadhili, na wewe una jambo ambalo waombaji wengi hawana, swali la kweli ulilolibeba tangu utotoni.

Utapoteza kitu ukienda, sitakuficha. Kule mita 150 hutashuka tena kwa muda, na taa za usiku utaziona kutoka nchi kavu. Siku za kwanza utaumia, hasa boti likipita. Lihuzunikie bila kujidanganya kwamba uchungu huo ni dalili ya kukosea. Ulikipenda kitu, umekiacha, ni lazima kiume.

Kabla ya mkataba, kabla ya mama, kabla ya maabara, kuna jambo la wiki hii. Mwenzako alikuomba uikalie ile habari ya kifaa. Usiikalie, na usimchomee. Kaa naye mahali pa faragha nje ya ofisi, mrudie tarehe zamu kwa zamu mjue ni safari zipi zimeguswa. Muandike pamoja maelezo ya nusu ukurasa: kifaa kipi, tangu lini hadi lini, kiligunduliwaje, kimesawazishwa lini. Namba zisifutwe, ziwekewe alama ya kutiliwa shaka, kwa sababu huenda zikaweza kurekebishwa baadaye kwa kulinganisha na safari za kabla na za baada. Maelezo hayo yaende kwa barua pepe kwa anayetunza takwimu na kwa Dokta, siku hiyohiyo, yakiwa na majina yenu wawili kama yeye atakubali. Joto la Dokta likipanda, litawakuta mko wawili, na maandishi yatakuwa yameshaingia. Kwenye daftari la boti pia andikeni, kwa kalamu ya wino, kwenye ukurasa wa tarehe zilezile, ili atakayelishika daftari hilo baada yenu asilazimike kubahatisha.